Datsun 1200 pikapu, stata inazunguka ila plagi hazitoi moto kabisa

mgeta_mboga:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada nimekwama. Nina Datsun 1200 pikapu ya mwaka 1983, injini A12, bado ile ya platini (kale kaswichi ndani ya distributa kanakokata na kuunga umeme wa koili), ndo inayonishushia mboga toka Mgeta mpaka Morogoro mjini. Juzi alfajiri imegoma. Stata inazunguka vizuri, mafuta yanafika maana nikichomoa plagi inatoka imelowa, ila moto hamna. Nimechomoa waya wa katikati kwenye kava ya distributa nikausogeza karibu na bloku, dogo akapiga stata, hata cheche moja sijaona. Fundi akasema koili, nimenunua, bado. Akasema kondensa, nimenunua, bado. Sasa anataka ninunue distributa nzima na hela imeisha, kabichi zimeshakatwa ziko shambani. Nianzie wapi?

tatu_bodi:
Pole sana mkuu. Kwanza toa kava, mtu apige stata we angalia rota, ile ya kuzunguka chini ya kava, inazunguka au imesimama. Ikisimama ujue ni cheni ya taimingi au distributa yenyewe, hapo mambo ya umeme achana nayo kwanza.

mgeta_mboga:
Rota inazunguka, na platini naiona inafunguka na kufunga. Nimepima uwazi wake na fila, vile vibati vya kupimia, uko milimita 0.5.

fundi_wa_zamani:
Hiyo 0.5 iko sawa, A12 inataka 0.45 mpaka 0.55, usiiguse tena. Na usinunue kitu kingine mpaka upime, inaniuma sana mtu akimaliza hela ya mazao kwa kubahatisha vifaa. Chukua testa ya balbu ya 12V, mguu mmoja weka kwenye ethi ya uhakika, yaani chuma safi cha injini au bodi, mwingine kwenye hasi ya koili, ule upande unaoenda distributa, washa swichi kisha apige stata. Taa ikiwa inawaka-inazima basi platini inakata umeme vizuri na shida iko mbele ya platini. Isipowaka kabisa, ama umeme haufiki koili, ama ule waya wa distributa umegusa bodi mahali. Ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, umeme unapita koili lakini haufiki ethi kupitia platini. Halafu niambie, kabla haijagoma ilikuwaje barabarani?

mgeta_mboga:
Inawaka moja kwa moja haizimi! Na kweli kama wiki mbili hivi ilikuwa inakatakata nikikanyaga mafuta kupanda mlima, nikiachia inatulia, nikajua ni kabureta.

fundi_wa_zamani:
Basi hapo hapo. Ile sahani inayobeba platini huwa inasogea ukikanyaga na kuachia mafuta, inavutwa na ile vakyumu ya pembeni, na kila ikisogea inakunja kawaya kadogo kanakotoka terminali ya distributa kwenda platini. Miaka yote hiyo kopa inakatika kwa ndani na mpira wa nje unabaki mzima, kwa macho huoni kitu. Kashike kwa vidole ukavute taratibu, kakivutika kama rababendi kopa imekatika. Kakiwa kazima, pitisha karatasi safi katikati ya platini ufute mafuta, platini mpya huwa zinakuja nayo, kisha angalia kawaya ka ethi ka ile sahani. Ukiwa unapima usiache swichi imewashwa muda mrefu platini ikiwa imefunga, utaunguza hiyo koili mpya.

mgeta_mboga:
Mkuu Mungu akubariki!! Nimekavuta kakarefuka kabisa, nimechuna mpira kopa ndani imekuwa unga wa kijani. Nimeunga kipande cha waya wa spika, cheche ya bluu inalia tak tak na gari imewaka mara ya pili tu. Napakia kabichi sasa hivi.

fundi_wa_zamani:
Safi sana. Waya wa spika uutoe ukirudi, weka waya laini wa nyuzi nyingi na uuachie ulegee kidogo ili sahani ikisogea isiuvute. Na uangalie huo waya usiguse bodi.

tatu_bodi:
Na ile koili ya zamani usitupe mkuu, ilikuwa nzima, iweke chini ya siti.