Naomba ushauri: mashine ya kunyolea ndevu ya marehemu baba

Habari zenu wakuu. Marehemu baba aliniachia mashine yake ya umeme ya kunyolea ndevu, ile ya vichwa vitatu vinavyozunguka. Imekaa kabatini miaka sita. Juzi nimeifungua, ndani bado mna vumbi la ndevu zake; nilishindwa kulipuliza, nikaifunga tena.

Betri zake mbili za nikeli-kadimiamu, volti 1.2 kila moja, zimevuja unga mweupe. Nikiichomeka ukutani inaunguruma kidogo kisha inazimika.

Je, naweza kuweka betri za nikeli-metali haidraidi (NiMH) za volti hizohizo bila kuharibu chaja? Na visu, nivisafishe kwa spiriti kisha nitie tone la mafuta ya cherehani, au vimeshachoka? Wembe unanitoa vipele, na hii natamani sana niitumie.