Glukosamini kwa magoti yaliyosagika: tununue au ni kuchoma hela?

Binti wa Mbagala

Wakuu, habari za leo. Naulizia kuhusu mama, miaka 63. Magoti yote yanamsumbua, la kulia ndilo limezidi. Eksirei imeonyesha yamesagika kiasi cha kati, daktari akasema upasuaji bado. Akiamka anakakamaa kama dakika kumi kisha anaachia. Shida kubwa ni kupanda daladala, choo cha kuchuchumaa na kuinuka kwenye mkeka baada ya swala. Anatumia losartani na hidroklorothiazidi za presha, na metformini ya sukari.

Jirani anayeuza virutubisho kamletea kopo la glukosamini. Lebo inasema glukosamini salfeti 2KCl, mg 1500 kwa vidonge vitatu. Anadai inaotesha ute wa magoti upya na mama ameshaanza kumwamini. Je, inasaidia kweli? Anywe kiasi gani, kwa muda gani? Na haitagombana na dawa zake?

Mfamasia wa Zamu

Dada, tuanze na hilo la kuotesha. Kinachosagika ni gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuiotesha. Glukosamini imekuwa ikijaribiwa zaidi kama kitu cha kupunguza maumivu, na hata hapo majibu hayalingani. Utafiti wa GAIT wa Marekani, uliochapishwa 2006, ulihusisha wagonjwa 1,583 wa magoti kwa wiki 24. Kwa ujumla glukosamini haikuwashinda waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa, na angalia hili: asilimia 60 ya waliopewa kidonge kitupu walipata nafuu. Ndiyo maana kila mtaa una mtu wa kuapa kwamba dawa fulani ilimponya. Chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kwenye mwongozo wake wa 2019 kinashauri isitumike kabisa kwa magoti. Upande wa Ulaya wapo wataalamu wanaoikubali, lakini ile ya daraja la dawa tu, siyo ya kirutubisho: glukosamini salfeti ya fuwele, mg 1500 mara moja kwa siku.

Sasa njoo kwenye kopo lenu, maana hapa ndipo watu wengi hupigwa bila kujua. "2KCl" maana yake salfeti imefungwa pamoja na chumvi ya potasiamu ili isivute unyevu, na uzito wa chumvi hiyo umehesabiwa humohumo. Kwa hiyo mg 1500 za 2KCl zina salfeti kama mg 1130 tu. Ukitafuta glukosamini tupu ndani yake ni kama mg 890, wakati mg 1500 za salfeti kamili hutoa mg 1178. Dozi iliyofanyiwa utafiti haimo humo hata akimeza vyote vitatu. Na wengi hawamezi vitatu. Kopo la vidonge 60 vya mg 500 ni la siku 20, lakini watu hulivuta miezi miwili kwa kidonge kimoja kwa siku, halafu wanashangaa.

Kwa dawa zake: sukari kwa kawaida haipandi, ila apime mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Potasiamu iliyomo ni kama mg 190 kwa siku, si nyingi, lakini losartani nayo hubakiza potasiamu mwilini. Kama figo zake zina shida yoyote, daktari ajue kwanza. Ambao hawapaswi kuigusa bila daktari ni wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Mwenye mzio wa kamba au kaa asome lebo, kwa sababu nyingi hutengenezwa kwa magamba yao. Akinywa, anywe na chakula, la sivyo kiungulia na kichefuchefu vitamsumbua.

Fizio Temeke

Mfamasia kamaliza upande wa kopo. Mimi nasema hela hiyo ingefanya kazi zaidi kwingine.

Goti lililosagika linabebwa na msuli wa mbele wa paja. Msuli huo ukilegea, kila hatua inagonga mfupa. Aanze hivi: akae kitandani miguu imenyooka, akunje kanga iwe roli nene kama kifundo cha mkono, aiweke chini ya goti. Aikandamize kwa nyuma ya goti hadi paja likaze, ashikilie sekunde 5 hadi 10, aachie. Mara 10, apumzike, arudie hadi mizunguko mitatu, kila siku. Baada ya wiki mbili aongeze kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kusukuma kwa mikono. Kiti kiwe kirefu kwanza, hata kwa kuongeza mto; akizoea, mto uondoke.

Wengi huacha wiki ya kwanza kwa sababu goti linauma kidogo wakifanya. Maumivu ya hadi 5 kwenye kipimo cha 0 hadi 10 yanavumilika, mradi kesho yake yawe yamerudi yalipokuwa. Yasiporudi, apunguze idadi, asiache. Nafuu yenyewe husubiriwa wiki 6 hadi 12.

Mkongojo ashike kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa goti bovu ni la kulia. Karibu kila mtu hushika upande wa ugonjwa na kujiumiza zaidi. Urefu: asimame na viatu, mikono ining'inie, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kiganja. Swala aswali kwenye kiti, chooni muwekee kiti cha choo chenye tundu. Kama ana uzito mkubwa, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Binti wa Mbagala

Asanteni sana. Na maumivu makali yakimjia tufanyeje? Duka la dawa huwa wanampa diklofenaki ya vidonge.

Mfamasia wa Zamu

Hiyo ndiyo inayonitisha kuliko glukosamini yote. Losartani, hidroklorothiazidi na diklofenaki ya kumeza zikikutana zinabana figo kwa pande tatu, hasa akiharisha au kukosa maji kwenye joto letu hili. Juu yake presha inapanda na tumbo linaweza kutoboka vidonda. Waambieni dukani dawa zake zote kabla hawajampa chochote.

Badala yake jeli ya diklofenaki ya asilimia 1. Ni kiasi kidogo tu huingia kwenye damu, ingawa mwenye figo mbovu bado aulize. Kosa la kawaida ni kupaka kidogo kama mafuta ya mdomo. Kwa goti kipimo ni hadi gramu 4, mara tatu au nne kwa siku, yaani mstari wa kama sentimita 11 kutoka kwenye tyubu. Ukipiga hesabu, tyubu ya gramu 30 kwa goti moja haimalizi siku mbili kwa kipimo cha juu. Ndiyo sababu nasema hela ya kopo ihamie huku. Apake taratibu goti lote, anawe mikono, asifunge plastiki wala kuchanganya na dawa za kuchua zenye joto.

Mzee wa Lebo

Niongeze moja. Kikitokea kirutubisho cha magoti kinachoondoa maumivu ndani ya siku mbili, shtukeni. Glukosamini haina kasi hiyo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuhusu Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo. Maabara ilikuta diklofenaki na deksamethasoni (dawa kali ya kundi la steroidi) ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Kwa mgonjwa wa sukari deksamethasoni ni balaa: sukari inaruka, uso unavimba kuwa wa mviringo, ngozi inapata michubuko. Na aliyeitumia kwa muda mrefu asiikate ghafla nyumbani, aende hospitali na kopo lenyewe mkononi.

Binti wa Mbagala

Nimeelewa. Lakini mama hatakubali kuliacha kopo kirahisi hivyo. Akisisitiza?

Mfamasia wa Zamu

Basi mjaribu kwa mpangilio, na iwe salfeti kamili mg 1500, siyo hiyo ya 2KCl. Ikiwa ya pakiti za unga, unga uliogandana umeshapata unyevu. Msinunue pakiti zilizopasuka. Kabla ya kuanza aandike kwenye daftari namba tatu, 0 hadi 10: maumivu akitembea, akipanda ngazi, akilala. Aandike tena kila baada ya wiki nne. Ikifika miezi mitatu namba hazijashuka kwa angalau pointi mbili, aiache na msinunue tena. Ila mazoezi yaendelee, na msianze dawa nyingine mpya mwezi huohuo, hamtajua kilichosaidia ni kipi.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na akapata homa, msisubiri daftari: hospitali siku hiyohiyo.

Fizio Temeke

Na mkija kliniki, mje na viatu anavyotembelea kila siku. Ndala zilizoisha kisigino upande mmoja nazo zinapindisha goti.