Mjadala: Filamu ya Maleficent ilisimulia upande wa adui, au ilimfutia kesi?

Mkwaju (mleta mada)

Wakuu, kila ikitoka filamu inayogeuza hadithi ya zamani na kumkalisha adui kwenye kiti cha stelingi, sifa ni zilezile: "hatimaye tumesikia upande wa pili." Mimi nabisha. Filamu hizi hazisimulii upande wa adui. Zinamfutia kesi, kisha zinamtafuta mwingine wa kuibeba. Nachukua Maleficent ya 2014, aliyocheza Angelina Jolie, kwa kuwa ni miongoni mwa zilizowaonyesha wenye studio kwamba biashara hii inalipa.

Kwa aliyesahau: katika katuni ya Disney ya 1959, Sleeping Beauty (Mrembo Aliyelala), Maleficent anaingia bila kualikwa kwenye sherehe ya mtoto mchanga, Aurora, na kumwapiza kwamba kabla jua halijazama siku atakayotimiza miaka 16 atajichoma kidole kwenye gurudumu la kusokotea nyuzi, afe. Sababu hatupewi, zaidi ya kukosa mwaliko. Katika filamu ya 2014 anapewa historia nzima. Stefan, rafiki yake wa utotoni, anamlevya kwa dawa, anashindwa kumuua, anamkata mabawa kwa kutumia mnyororo wa chuma (chuma huwaunguza viumbe wa jamii yake) na kuyapeleka kwa mfalme Henry ili yeye arithi ufalme. Apizo linakuja baada ya hapo.

Tazameni sasa usafi ulivyofanyika. Mwaka 1959 apizo lilikuwa la kifo, na ni kichimbakazi mwema Merryweather aliyelipunguza likawa usingizi. Mwaka 2014 Maleficent mwenyewe ndiye anayetamka usingizi, na mwenyewe ndiye anayeweka njia ya kutokea: busu la pendo la kweli. Mwaka 1959 yeye ndiye joka linalopigana na mwana wa mfalme. Mwaka 2014 joka ni Diaval, yule kunguru wake, aliyegeuzwa. Hata Stefan hauawi naye. Anakuwa ameshamwachia, jamaa anamvamia kwa nyuma na kuanguka mnarani. Mkono wa adui hauchafuki hata mara moja. Huyo ni adui wa nini?

Bi Hariri

Mkwaju kaka yangu, hilo la busu umelisoma kinyume. Rudi kwenye onyesho la Maleficent kutimiza miaka 16: Stefan anambusu na kuliita busu la pendo la kweli. Baadaye anamkata mabawa. Kwa hiyo siku ya sherehe, Maleficent anapoweka sharti hilo mbele ya Stefan, haweki njia ya kutokea. Anaweka kitu ambacho wote wawili wanajua, au wanadhani wanajua, kwamba hakipo duniani. Ni kejeli mbele za watu, na mlengwa ni mmoja tu ukumbini. Huo kwangu ndio mstari mkali kuliko yote katika skripti ya Linda Woolverton.

Halafu kuna kipengele ambacho watu hukiruka: anaongeza kwamba hakuna nguvu yoyote duniani itakayoligeuza apizo. Miaka inapita, anampenda mtoto, anakwenda usiku kitandani kwake kulifuta. Anatumia nguvu zake zote, linakataa. Kesi ingekuwa imefutwa, lingekubali. Kosa limebaki palepale, na aliyelifunga kwa kufuli ni yeye.

Pazia Jekundu

Mnabishania 1959 na 2014 kana kwamba hadithi ilianzia Disney. Kiini cha mada kipo nyuma zaidi, kwenye swali dogo: alikasirishwa na nini?

Mwandishi Perrault, Ufaransa, 1697: mfalme anaalika vichimbakazi saba. Kila mmoja anatengewa kasha la dhahabu tupu, ndani yake kijiko, uma na kisu vyenye almasi na rubi. Anatokea wa nane, mzee, ambaye alikuwa hajatoka mnarani kwa zaidi ya miaka 50, watu wakidhani amekufa au amerogwa. Anakaribishwa mezani, lakini kasha la nane halipo, maana yalitengenezwa saba tu. Basi. Hicho ndicho chanzo chote. Ndugu Grimm, Ujerumani, 1812: vichimbakazi ni 13, sahani za dhahabu ni 12, mmoja anaachwa nyumbani. Katika baleti ya Tchaikovsky, St Petersburg, 1890, kosa ni la mkuu wa itifaki, Catalabutte, aliyesahau jina la Carabosse kwenye orodha ya wageni. Carabosse anapofika anamnyonyoa nywele, ndipo anamgeukia mtoto.

Mnaona? Kote chanzo ni mahesabu ya vyombo na orodha ya wageni. Aliyewahi kukaa kamati ya harusi Dar au Mombasa hahitaji kufafanuliwa uzito wake. Na hapo ndipo kwenye filamu ya kweli ya upande wa adui: ajuza aliyedhaniwa maiti, anaketi kwenye meza ya watu wanaokula kwa dhahabu, yeye amewekewa vyombo vya kawaida. Wameshamzika akiwa hai. Anachofanya baada ya hapo hakina udhuru, lakini kila mtu ukumbini anaelewa kimetoka wapi. Kumwongezea mabawa yaliyokatwa ni kukiri kwamba mwandishi hakuamini chuki ndogo inaweza kuzaa uovu mkubwa.

Mzee wa Makadirio

Pazia, hakuna studio itakayotoa pesa hizo kwa ajili ya kijiko. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 180 na zaidi, filamu ikaingiza zaidi ya milioni 750 duniani kote. Ile ya pili, ya 2019, haikufika hata milioni 500. Unapotengeneza kwa kiwango hicho unahitaji familia nzima ukumbini, mtoto wa miaka minane na bibi yake.

Ndiyo maana mabawa ni uamuzi wa kifundi mzuri kuliko mnavyodhani. Jolie aliiambia BBC mwaka 2014 kwamba yeye na mwandishi walilichukulia tukio lile kama sitiari ya ubakaji. Sasa hilo utalionyeshaje mbele ya mtoto? Kamera haionyeshi kukatwa. Inaonyesha kuamka, mkono unaopapasa mgongoni, kisha ule ukelele. Mtu mzima anaelewa, mtoto anaona mabawa yamepotea, na hakuna aliyedanganywa.

Mkwaju

Nakubali onyesho ni zuri. Ila mmeniachia hoja yangu ya pili bila kuigusa: Stefan. Uovu ukitolewa kwa Maleficent hauyeyuki, unahamishwa. Stefan anaanza kama kijana masikini mwenye tamaa, mtu anayeeleweka kabisa, na kufika nusu ya pili amebaki mwehu anayezungumza na mabawa yaliyofungiwa kabatini wakati mkewe anakufa. Filamu iliyoahidi kwamba hakuna mtu aliyezaliwa mbaya imeishia kuhitaji mbaya wa kadibodi. Wale vichimbakazi watatu walezi nao wamefanywa wapumbavu wasioweza kumlisha mtoto, ili Maleficent aonekane mlezi bora. Ukilinganisha na 1959, wao ndio waliobeba hadithi yote, huku Aurora akiwa kwenye skrini kwa dakika 18 hivi tu.

Taa Ndogo

Nitoke kidogo kwenye maadili niingie kwenye ujenzi, maana tatizo naliona hapo. Filamu hii si ya mtazamo wa Maleficent hata kiufundi. Msimulizi ni mwanamke mzee, na mwishoni anajitambulisha kuwa ndiye Aurora. Yaani shahidi wa utetezi ndiye anayetusomea shauri!

Na kamera nayo haimfuati mhusika wake. Tunamwona mfalme Henry kitandani akiahidi ufalme kwa atakayemuua Maleficent. Maleficent hakuwepo. Tunamwona Stefan ameshika kisu, anasita. Alikuwa amelala. Kisha anaamka hana mabawa, na sisi tunajua kila kitu kabla yake. Hasara inakuja dakika chache baadaye: Diaval anarudi na habari kwamba Stefan anatawazwa, na hapo ndipo Maleficent anaunganisha mambo, alikatwa ili mwenzake awe mfalme. Lilipaswa kuwa onyesho la kukata pumzi. Kwetu ni taarifa ya habari tuliyokwisha kuisikia.

Ukipewa mkanda uhariri upya, toa maonyesho mawili tu: ahadi ya Henry na Stefan na kisu. Mtazamaji alale pamoja naye, aamke pamoja naye, asijue kwa nini mpaka kunguru arudi. Hakuna cha kupiga upya. Utapoteza huruma kidogo kwa Stefan, kwamba alisita, lakini filamu yenyewe imeitupa huruma hiyo baadaye, kwa hiyo si hasara.

Jambo la pili, uso. Mwaka 1959 mchoraji Marc Davis alikuwa na shida moja: Maleficent husimama na kuhutubia, hagusi kitu, hagusi mtu. Mhusika wa namna hiyo ni mgumu kuhuisha. Kunguru wa begani alisaidia hapo, akawa na wa kusema naye. Mwaka 2014 kunguru amefanywa mtu, anajibu, anabisha, na hapo Maleficent akapata wa kumlainisha miaka mingi kabla ya Aurora kukua. Timu ya mrembaji Rick Baker ilimbandika Jolie mashavu ya kuchongoka, masikio na pembe, akatisha kweli: watoto waliojaribiwa kucheza Aurora mdogo walimwogopa, ikabidi achukuliwe binti yake mwenyewe. Yaani urembo wa uso ulibeba utishaji wote ambao skripti ilikuwa imeuondoa. Nadhani walijua.

Bi Hariri

Hapo kwa msimulizi umenishinda. Lakini mkanda wako uliohaririwa una kasoro: ukimtoa Henry, ile ahadi ya ufalme inabidi ielezwe na Diaval kwa maneno, na kunguru anayeeleza siasa za ikulu kwa dakika nzima atachosha. Afadhali ibaki sentensi moja: anatawazwa. Mengine amalizie mwenyewe usoni.

Mgeni wa Jukwaa

Samahani wakubwa, naingilia na swali la vitendo. Kikundi chetu kinataka kuigiza hii jukwaani, dakika 40, upande wa yule aliyeapiza. Tunaruhusiwa kutumia nini?

Pazia Jekundu

Karibu sana. Hadithi ya Perrault na ya Grimm ni mali ya umma, tumieni mtakavyo. Jina Maleficent, zile pembe nyeusi na kunguru wa begani ni ubunifu wa Disney wa 1959; viacheni hata kwenye bango. Mkihitaji jina, Carabosse wa baleti ni wa tangu karne ya 19, hamgombani na mtu. Muziki wa Tchaikovsky wenyewe hauna mwenye hakimiliki tena, ila rekodi ya okestra fulani inaye, kwa hiyo afadhali mpige wenyewe, hata kwa kinanda kimoja.

Kuhusu dakika 40: msianze na utoto wake. Anzeni mezani. Makasha saba yawe mezani tangu pazia linapofunguka, mtazamaji ayahesabu mwenyewe kabla ajuza hajaingia. Apizo liwekeni karibu dakika ya 15, si mwanzoni wala mwishoni, ili ibaki nafasi ya kuishi nalo. Na asiwepo mtu mbaya kuliko yeye. Mkihisi mnamhitaji, jueni mmeshaanza kumfutia ajuza kesi, kama anavyosema Mkwaju.

Mkwaju

Na katika Perrault yule kichimbakazi kijana aliyejificha nyuma ya pazia ili aseme wa mwisho, msimsahau. Ndiye aliyebadilisha kifo kuwa usingizi wa miaka 100. Kwa upande wa ajuza, huyo ni mtu aliyemsikia akinung'unika mezani na badala ya kumsogezea kasha lake akaenda kujificha.

Bi Hariri

Mkwaju! Sasa wewe ndiye unayemtafutia mwingine wa kuibeba.