MREJESHO: Programu ya diski za seva iliyosema hakuna kontrola (Lubumbashi)

Bayaya (kaka na dada zangu), asanteni. Niliwauliza kwa nini storcli, programu ya kusimamia kadi za diski za aina ya MegaRAID, baada ya kuiweka kwenye seva yetu ya Ubuntu (Linux), ilikuwa inagoma: kwanza amri haipatikani, halafu inasema idadi ya kontrola (kadi inayoendesha diski) ni sifuri.

La kwanza lilikuwa dogo. Pakiti inajiweka ndani ya /opt/MegaRAID/storcli, mahali ambapo shell (programu inayopokea amri) haitafuti. Nikaandika njia nzima, /opt/MegaRAID/storcli/storcli64, ikaitika.

Ile sifuri ndiyo iliyonila siku mbili. Niliweka upya programu mara tatu (aibu yangu), kumbe haikuwa na kosa. Yaya mmoja aliniambia nipige lspci -k nione kadi inaendeshwa na draiva (programu inayounganisha kadi na mfumo) gani. Nilitegemea megaraid_sas, draiva ya kadi za MegaRAID, nikakuta nyingine, mpt3sas! Kadi yetu ni LSI 9211-8i, chipu SAS2008. Si MegaRAID, kwa hiyo storcli haiioni. Chombo chake ni sas2ircu.

Nikaishusha, nikaipa ruhusa kwa chmod +x, nikapiga sudo ./sas2ircu 0 display. Hapo moyo ukaruka: RAID 1 (diski mbili zinazobeba data ileile) ilikuwa imebaki na diski moja tu, nadhani tangu umeme ulipokatika-katika hapa Kenya. Naisema komini yetu, si nchi.

Nilinakili data kwanza. Kisha amri ya locate ikawasha taa ya nafasi yenye diski mbovu, nisije nikachomoa ile nzima. Diski mpya imeingia jana jioni. Asubuhi hii amri ya status inaonyesha kunakili data kwenye diski mpya kumefika 71%.