Kuvuka Morogoro Road na mtoto pale Magomeni, Dar es Salaam: mnavukaje?

Mgeni_Wa_Magomeni: Wakuu, habari. Navuka na mtoto wa darasa la pili. Zebra ipo, ila daladala moja ikisimama, ya nyuma yake inaipita. Nifanyeje?

Kondakta Mstaafu: Ndugu, usiivuke kama barabara moja. Kwanza magari ya kawaida kutoka kulia, kisha mwendokasi (mabasi ya haraka yenye njia zake katikati ya barabara) kutoka kulia, mwendokasi kutoka kushoto, mwisho magari ya kawaida kutoka kushoto. Pasipo kituo, njia mbili za mwendokasi zimebanana, hamna pa kusimama. Angalia pande zote ndipo uzivuke kwa mkupuo. Penye kituo basi lililosimama hupitwa na lingine, kwa hiyo usitokee mbele yake.

Kuhusu daladala: tembea hadi usawa wa kona ya nje ya bampa yake, simama, chungulia. Dereva wa njia ya pili naye akisimama kabisa, pita. Mtoto ni mfupi, Coaster inamficha mzima. Mshike kifundo cha mkono, si vidole, akae upande usiotokea magari. Mkifika katikati mhamishe upande.

Usukani: Wengi huinua mkono kusimamisha gari wakiwa wamechelewa. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa linataka kama mita 28 kusimama kwenye lami kavu. Likiwa na 80, zaidi ya 55. Mvua ikinyesha, ongeza. Inua mkono ukiwa bado ukingoni.

Na sisi madereva: gusa breki mapema wa nyuma aone taa, simama mita kadhaa kabla ya mistari. Halafu tuache kumpungia mtu apite! Bodaboda anayepenya ubavuni hujamsimamisha wewe.

Mama Wawili: Hapo kwenye bodaboda ndipo penyewe. Foleni ikisimama watu hulegea, kumbe ndiyo wakati wanapenya, wengine upande usio wao. Kila ukimaliza mstari wa magari angalia kulia na kushoto, hata kwenye njia ya mwendokasi.

Mgeni_Wa_Magomeni: Asanteni. Penye taa nifuate taa tu?

Kondakta Mstaafu: Kama hakuna askari wa trafiki, ndiyo. Akiwepo, fuata mkono wake. Yule mtu wa kijani anaweza kuwaka huku trafiki ameruhusu magari. Na kijani ikiwaka bado hakikisha wamesimama, hasa wanaokata kona.