MREJESHO: Simu ya mama inayokaa na chaji

Wakuu, niliomba ushauri wa simu ya bei nafuu kwa mama. Kijijini anachajisha kwa mwenye sola. Asanteni sana.

Nilimfuata aliyesema betri kwanza, kamera baadaye. Nimechukua yenye betri kubwa ya mAh 6000 (mAh ni kipimo cha chaji betri inayobeba), kioo cha HD+ (ung'avu wa kawaida, hakili chaji sana), nikashusha mwanga na kuzima programu zinazokula chaji kimyakimya. Sasa inakaa siku mbili hadi tatu, WhatsApp ikiwemo. (Mlioshauri kitochi, mama anataka kuona wajukuu!)

Kuiweka kwenye mtandao wa 2G tu (ule wa zamani, wa polepole) kulisaidia betri ila video zikagoma, nikarudisha 4G. Kasoro iliyobaki: chaja ya wati 10 inajaza taratibu mno, na mwenye sola kaanza kununa.