Mateka aliyezalishwa msituni: tumwite mke au mtumwa?

Mwenye mada, Dunda, Bagamoyo

Ndugu zangu, nalileta hili kwenu kwa sababu juzi barazani kwetu lilizua ubishi mpaka adhana ya Isha ikatukuta bado tunabishana.

Tulianza na Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa waasi wa LRA wa Joseph Kony, kaskazini mwa Uganda. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilimtia hatiani kwa makosa 61, na Mei mwaka huohuo akapewa kifungo cha miaka 25. Ndani ya makosa hayo mmo mauaji, ubakaji, utumwa wa ngono, kumshikilia mwanamke aliyebebeshwa mimba kwa nguvu, na hili lililotugawa: ndoa ya kulazimishwa. Wanawake saba waliotekwa wakiwa wasichana walieleza mahakamani jinsi walivyogawiwa kwake, wakapika, wakalala alipotaka, wakapigwa walipokataa.

Mzee wetu mmoja akasema: "Lakini si amezaa nao? Amekaa nao miaka. Mtu anafungwaje kwa kulala na mama watoto wake?"

Nilikosa usingizi usiku ule. Si kwa sababu mzee ni mtu mbaya, maana ndiye aliyenifundisha kuogelea. Nilikosa usingizi kwa sababu alilisema kwa upole, kama jambo la kawaida, na sisi tumekaa hatua chache kutoka Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara kutoka bara.

Wanawake walioshushwa pwani hii kutoka Manyema, ambayo leo ni mkoa wa Maniema huko Congo, hawakuja kutafuta wachumba. Vijiji vyao vilivamiwa, wakatembezwa miezi mpaka baharini. Wengine wakavushwa Zanzibar, wengine wakabaki hapahapa majumbani mwa watu, na wengi wao wakafanywa masuria, yaani watumwa wa kulala na bwana. Mwaka 1897 Zanzibar ilipotangaza kufuta utumwa, amri ile iliwaacha nje masuria. Ilisema wahesabiwe kama wake na wabaki walipo, labda adai kutoka kwa sababu ya kuteswa. Walisubiri mpaka 1909. Miaka kumi na miwili zaidi ya watumwa wengine, kwa sababu tu kuna mtu aliandika kwamba wao ni kama wake. Huku bara Wajerumani hawakuufuta utumwa kabisa, mpaka Waingereza walipotunga sheria yao 1922.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: neno ndoa liondolewe kabisa kwenye mashtaka ya namna hii. Hata likiongezewa "ya kulazimishwa", bado linamsitiri mkosaji. Liitwe utumwa, basi. Karibuni mnipinge.

Fundi Dau, Mlingotini

Mimi nakupinga, lakini kwingine. Huyo Ongwen mwenyewe alitekwa akiwa mtoto wa kama miaka tisa, akienda shule. Aliyemfundisha kuteka ni aliyemteka. Uganda ilipitisha Sheria ya Msamaha mwaka 2000 na maelfu wakatoka porini wakaweka silaha. Sasa mwambie mpiganaji aliyebaki huko kwamba yule mwanamke aliye naye ni ushahidi wa kumfunga. Unadhani atamrudisha kwao? Atamzika hukohuko. Amani kwanza, mahakama baadaye. Mimi nina mabinti, msinielewe vibaya.

Mwenye mada

Fundi, hoja ya utoto wake haikupuuzwa. Alihukumiwa kwa aliyoyafanya kati ya Julai 2002 na Desemba 2005, akiwa mtu mzima mwenye askari chini yake, na kuteuliwa kwake kuwa kamanda hakukuja kwa bahati. Mateso ya utotoni yalimpunguzia adhabu, ndiyo maana hakupewa maisha. Lakini nikuulize kama ndugu: wale wasichana nao walitekwa watoto. Mbona huruma ya utoto inamfikia yeye, wao inawapita?

Fundi Dau

Hapo umenishika. Lakini la amani sijaliacha.

Ustadh wa madrasa, mjini

Assalaam alaykum. Nina neno fupi. Ndoa ina nguzo zake. Kuna ijabu na kabuli, yaani kutoa na kukubali, kuna walii wa bibi harusi, kuna mashahidi, kuna mahari. Mtu aliyechukuliwa usiku wakati baba yake amelala chini na risasi, kabuli yake imetoka wapi, na walii ni nani? Kuzaa hakuhalalishi kilichoanza kwa haramu. Habari ya masuria wa zamani ina mlango wake vitabuni na sitaki kuizungumza kwa haraka hapa. Hili la msituni halina shaka hata kidogo.

Wakili, mzaliwa wa Magomeni, yuko Dar

Nimesoma yote. Mwenye mada, ubishi wako ulishafika mahakamani kabla ya Ongwen. Mahakama Maalumu ya Sierra Leone, Juni 2007, kwenye kesi ya makamanda watatu wa AFRC, kundi la kijeshi la huko, ilisema kama wewe: hakuna haja ya kosa jingine, hawa "wake wa msituni" waingie kwenye utumwa wa ngono. Mahakama ya rufaa ikakataa Februari 2008. Ikasema hapana, kuna madhara hapa ambayo utumwa wa ngono hauyafikii. Mwanamke analazimishwa kuwa mke: awe mwaminifu kwa mtekaji, ampikie, amlelee watoto, abebe cheo hicho mbele ya watu. Akirudi kwao anaitwa mke wa muasi, na mtoto wake anaitwa mtoto wa muasi. ICC imefuata njia hiyohiyo kwa Ongwen. Mkataba wa Roma, ulioiunda ICC, hauna kosa linaloitwa ndoa ya kulazimishwa, kwa hiyo majaji waliliweka chini ya "matendo mengine ya kinyama". Mawakili wake walilipinga sana, na Desemba 2022 rufaa yao ikagonga mwamba.

Na kwa mzee wako wa barazani anayeuliza mbona walikaa miaka: kanuni za ICC zinasema wazi kwamba ukimya wa mwathirika, au kutopigana kwake, si ridhaa.

Ila nataka niwapeleke kwenye jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko jina. Kosa lisiloandikwa kwenye hati ya mashtaka haliwezi kuhukumiwa. Arusha hapo, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, alipofikishwa kizimbani hati yake haikuwa na ubakaji hata mmoja. Mwanamke mmoja aliyeitwa kueleza mambo mengine akasimulia jinsi bintiye wa miaka sita alivyobakwa. Mle ndani kulikuwa na majaji watatu, mwanamke akiwa mmoja tu, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Mwanamke yule akasikilizwa, na wengine wakaulizwa, na mwaka 1997 hati ikarekebishwa. Septemba 2, 1998 ikatoka hukumu ya kwanza duniani iliyosema ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Imetolewa Arusha, jamani. Basi la asubuhi kutoka hapa linakufikisha jioni.

Sasa tazameni upande wa pili. Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Congo, hukumu ya kwanza ya ICC, 2012: mashahidi walisema wasichana kwenye jeshi lake walibakwa, lakini aliyeandaa mashtaka hakuliweka, na hakuhukumiwa kwa hilo. Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, alipewa kifungo cha maisha Dakar mwaka 2016, likiwemo kosa la kubaka yeye mwenyewe. Rufaa ya 2017 ikamfutia hilo la mkono wake. Majaji hawakusema mwanamke ni mwongo. Walisema jambo hilo lilikuja kesi ikiwa imeshaanza, halikuwa kwenye hati. Niliposoma hukumu ile niliifunga nikatoka nje kupata hewa.

Binti wa Magomeni

Wakili asante. Nauliza, na naomba nisitukanwe: na sisi je? Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kukirudisha nyumbani kikosi cha askari wetu 60 waliokuwa wakilinda amani Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa sababu ya tuhuma za unyonyaji na udhalilishaji wa kingono dhidi ya baadhi yao. Tunahukumu LRA, vizuri. Mwanamke wa kijiji kile cha Afrika ya Kati ataijuaje hukumu ya Mtanzania, na atafikaje kutoa ushahidi?

Wakili

Hutukanwi, mdogo wangu. Askari wa kulinda amani hashtakiwi na nchi alikopelekwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupeleka kikosi unaiachia nchi yake kumshtaki. Tuhuma ni tuhuma mpaka zithibitike, na kila askari anastahili kusikilizwa. Lakini ombi lako la kwamba kesi kama hizo zisikilizwe karibu na waliolalamika, na matokeo yatangazwe kwa lugha wanayoijua, mimi naliunga mkono kwa mikono miwili. Congo wamefanya hivyo na askari wao. Mwaka 2011, huko Baraka, kwenye wilaya ya Fizi, mahakama ya kijeshi ilihamia karibu na eneo la tukio, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akapewa miaka 20, huku wanawake waliobakwa wakiwa palepale. Haikuwa kamilifu. Lakini walimwona akichukuliwa.

Kaka wa Kigoma, nipo Bagamoyo kikazi

Mimi nimekulia karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nimesoma na watoto wa Kikongo. Mnazungumza majina na hati. Mama wa rafiki yangu alikuwa akiuza mihogo, na kila akisikia gari la mizigo likilipua breki anaacha beseni na kukimbia. Haki yake iko wapi? Kwa Ongwen, ICC iliamuru Februari 2024 fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa karibu watu elfu hamsini, kila mmoja euro 750 pamoja na huduma za matibabu na za pamoja. Ongwen hana kitu, kwa hiyo mfuko wa waathirika ndio unaotakiwa kutafuta pesa kwa wafadhili. Yeye yuko Norway anatumikia kifungo, analala kitandani na anakula mara tatu. Mimi ningeanza na fidia, jina lingefuata.

Bi Mkubwa, Majani Mapana

Wanangu, nimewasoma tangu asubuhi, mjukuu ananisomea. Mwenye mada, wewe nakujua na bibi yako nilimjua. Nia yako nzuri, ila hapa umekosea.

Unasema neno mke liondolewe kwa sababu linamsitiri mwanamume. Ni kweli linamsitiri. Lakini mwanangu, neno lile ndilo lililomuua yule mwanamke mara ya pili. Kubakwa kumemtokea usiku. Kuitwa mke kumemtokea kila siku, sokoni, msibani, mtoto wake akiulizwa baba yako nani. Ukimfunga mtu kwa utumwa wa ngono umemfunga kwa ya usiku. Ya mchana nani kayalipia? Hao majaji wa Sierra Leone walioliandika lile neno, mimi nawaelewa. Hawakusema ilikuwa ndoa. Wamesema kumpachika mtu umke kwa bunduki ni jinai yenyewe, peke yake, hata kama usingemgusa.

Mimi nimeona hapa mjini vikongwe wa zamani waliokuwa wakiitwa "mke wa fulani" na watu wakicheka pembeni. Hatukuwauliza walitoka wapi. Tuliona haya kuuliza, na haya ile ilikuwa yetu, haikuwa yao.

Na wewe Fundi, amani unayoitaka iliyojengwa juu ya mdomo wa mwanamke uliozibwa, mimi nimeishi ndani yake. Kimya chake kikubwa.

Fundi Dau

Shikamoo Bi Mkubwa. Sina la kujibu leo.

Mwenye mada

Bi Mkubwa, shikamoo, na nimekubali. Nilikuwa nadhani ukilifuta neno umemfuta mwenye kulitumia. Kumbe mahakama inatakiwa ilishike neno lenyewe na kuliweka mezani kama kielelezo cha ushahidi, panga likae pembeni yake. Waandishi wa ile amri ya 1897 walilitumia neno mke kufungia mlango. Majaji wa Sierra Leone kule Freetown na wa ICC kule The Hague wamelichukua neno hilohilo wakalishtaki. Nabadilisha msimamo wangu: lishtakiwe peke yake, na utumwa ushtakiwe peke yake, na Kaka wa Kigoma yuko sawa kwamba euro 750 zinazosubiri mfadhili hazitoshi.

Mzee wa barazani nimemwendea jana alasiri, nikamweleza habari ya amri ile na ya miaka ile kumi na miwili ya nyongeza. Hakubishana. Alinyamaza, halafu akaniambia bibi mzaa bibi yake naye alitoka bara, na kwao husemwa tu "Mmanyema".

Kwetu pia yumo. Kwenye hitma tunawarehemu wazee kwa majina, baba wa baba wa baba, na tukifika mahali fulani msomaji anasema "na suria wake", kisha anaendelea. Nimesikia hivyo tangu mdogo na sikuwahi kuuliza. Shangazi yangu mkubwa yuko Kaole, ana miaka zaidi ya tisini, na akili yake bado iko sawa asubuhi. Ijumaa natoka mapema kumuuliza jina.

Fundi, la amani bado ninalo deni kwako. Wengine mnakaribishwa.